Ngazi ya Rezista Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amenyamazishwa! Siyo na mimi. Mimi nimejaribu miaka ishirini na saba bila mafanikio. Amenyamazishwa na daktari wa koo, kwa amri, hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Hata kunong'ona marufuku! Nilikuwa nabadilisha taa ya korido habari iliponifikia. Nusura nianguke na taa yenyewe.

Mke wangu ndiye mwita namba wa hospitali yetu. Miaka kumi na tisa amesimama katikati ya ukumbi wa wagonjwa akiita: "Namba themanini na moja, dirisha la tatu!" Watu mia mbili, feni sita zinanguruma, na bado husikika hadi maegesho ya magari. Leo daktari amemmulika kooni akakuta vinundu viwili. Amesema akipumzika vitanywea. Akirudi kupaza sauti hata wiki moja, sauti itaondoka na haitarudi. Haitarudi! Sauti ile ndiyo iliyonikubali mimi nilipopeleka posa.

Saa nne mkutano wa dharura kwa Mganga Mkuu. Habari njema: wiki iliyopita, koo lilipoanza kukwaruza, mke wangu alirekodiwa kwenye stoo ya mablanketi. Namba moja hadi mia, madirisha manne, na "tafadhali keti". Habari mbaya: kadi ya sauti ya kompyuta ya ukumbini iliungua siku ya radi. Kwa hiyo sauti imo ndani ya kompyuta ikiwa namba tupu, ya kidijitali, na amplifaya yetu ni ya analogi, haijui namba hata moja. Inajua mawimbi tu. Anahitajika mkalimani katikati yao.

Fundi mwenzangu ni binti wa miaka ishirini na sita. Tunamwita Vipimo, kwa sababu hapiti mbele ya kitu bila kukipima. Akasema tuagize kadi mpya, ofisi ya manunuzi italeta baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Nikasimama. Nikasema mkalimani huyo nitamtengeneza mwenyewe, kwa mkono, ndani ya siku tatu. Mdomo wangu ulinishangaza hata mimi.

Mganga Mkuu akasema sawa. Tena akaongeza kwamba atakayetoa sauti kwenye spika zile kabla ya Ijumaa hiyo ndiye atakalia kiti cha Fundi Mkuu, kilicho wazi tangu mzee wetu astaafu. Kiti kile kina magurudumu! Na ufunguo wa stoo!

Nyumbani nimemkuta mke wangu na daftari la mistari. Ndilo mdomo wake sasa. Ukurasa wa kwanza: "Umesema siku TATU?" Neno la mwisho limepigiwa mstari mara mbili. Sikujua habari zinaweza kufika nyumbani kabla yangu bila mtu kufungua kinywa.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Kompyuta ya ukumbini ni kuukuu kiasi kwamba bado ina tundu la printa mgongoni. Waya nane! Nilitaka kulibusu.

Naandika maelezo hapa ili watakaokuja kusimulia maisha yangu wasipate taabu. Sauti ya mke wangu ilipimwa kimo chake mara elfu kumi na sita kila sekunde. Kila kipimo ni namba, kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano. Kompyuta inazitoa namba hizo kupitia waya nane, kila waya ama una umeme au hauna. Waya wa kwanza ukiwa na umeme, kisanduku kitoe nusu ya nguvu yote. Wa pili, robo. Wa tatu, nusu ya robo. Hivyo hivyo hadi wa nane, ambao mchango wake ni kama punje ya chumvi. Jumlisha zote, umepata kimo cha wimbi kwa nukta hiyo. Kinachojumlisha ni ngazi ya rezista, vipande vidogo vya kukinza umeme, kumi na sita, za aina mbili tu, moja ina ukinzani mara mbili ya mwenzake. Basi. Hakuna chipu, hakuna kuagiza, hakuna manunuzi.

Jioni nilimweleza mke wangu kwa vikombe. Nilipanga vikombe vinane mezani, cha kwanza nikakijaza chai, cha pili nusu yake, cha tatu nusu ya nusu. Alitazama kwa makini sana hadi kikombe cha nane. Kisha akaandika: "Utaviosha wewe." Nimeviosha.

Vipimo alipita karakana mchana. Shikamoo mzee, alisema, akataka kuniazima mita yake niteue rezista zinazolingana sawasawa. Mzee! Nina miaka hamsini na nane! Nimekataa mita. Nikatumia yangu, ambayo kioo chake kina ufa lakini moyo wake ni safi. Nilipima rezista sitini na tatu nikapata kumi na sita, kila aina zikifanana kama mapacha. Katika hilo sina mchezo.

Jumatano, 5 Machi

IMESEMA! Saa tano na dakika kumi! Nililehemu kiungo cha mwisho, nikaunganisha spika ya majaribio, nikabonyeza, na mke wangu akasema ndani ya karakana yangu: "Namba saba, dirisha la pili."

Siku mbili sijaisikia sauti ile. Nyumba kimya, vijiko tu vinagongana. Nikabonyeza tena. Namba saba. Namba saba. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi wa risasi ya kulehemu ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Jambo moja la kitaalamu. Kitabu changu cha zamani kinasema mwisho wa ngazi lazima iwekwe kapasita ndogo ya kulainisha, eti kwa sababu mawimbi yanatoka yakiwa na vidaraja vidaraja na vidaraja hivyo vina kelele zake. Niliiweka. Nikasikiliza. Nikaitoa. Nikasikiliza. Hakuna tofauti hata chembe! Nimefanya jaribio hilo mara tisa. Fundi wa kweli haachi ndani ya kifaa kitu kisichofanya kazi. Kapasita nimeitia mfuko wa shati.

Mara akaingia Vipimo. Nikambonyezea namba saba kwa fahari. Nikaduwaa! Binti aliziba masikio yote mawili, akakunja uso kama aliyeng'ata ndimu! Akasema mzee, inapiga mluzi mkali sana. Mluzi gani? Nikambonyezea tena. Akarudi nyuma hadi mlangoni. Kisha akaleta mashine yake ya kuonyesha mawimbi, akanionyesha kwenye kioo chake vidaraja vya sauti ya mke wangu, akasema hivyo ndivyo vinavyopiga mluzi, vinatakiwa kulainishwa kona. Nikamwambia sauti si kitu cha kutazamwa. Akabeba mashine yake, akaondoka.

Wivu ni ugonjwa mbaya. Na umri ule!

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Kisanduku kimefungwa ukumbini. Leo ni kliniki ya macho ya wazee. Wagonjwa themanini, mdogo wao ana miaka sitini na tano. Mke wangu aliita kutoka spika zote nne, bila kutumia koo, na mmoja mmoja wakainuka kwenda madirishani. Bibi mmoja wa mtoto wa jicho alisema hajawahi kusikia sauti tamu namna hiyo hospitalini. Mganga Mkuu, ambaye mwakani anastaafu, alinipa mkono. Akaniambia kesho tujaribu siku ya chanjo ya watoto, ikipita hapo imepita.

Vipimo alikuwa kando na pamba masikioni. Pamba! Mbele ya wagonjwa! Sijawahi kuona utovu wa adabu wa aina ile.

Nilipitia ofisi ya Fundi Mkuu. Nilikalia kiti kidogo, kupima tu. Kinazunguka pande zote mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Siku ya chanjo. Wamama arobaini, watoto wachanga arobaini, wengi wamelala. Mganga Mkuu yupo. Kimya cha kupendeza. Nikabonyeza. "Namba moja, dirisha la kwanza."

Watoto arobaini wakaamka kwa pamoja wakapiga yowe!

Sauti ilipoisha, wakanyamaza. Nikafikiri ni bahati mbaya tu. Nikabonyeza namba mbili. Yowe! Namba tatu. Yowe! Walikuwa wanalia na kunyamaza kana kwamba swichi yao ninayo mimi. Wamama nao wameziba masikio, nesi wa zamu aliacha trei ya sindano akakimbilia nje. Mimi nimesimama katikati ya ukumbi nasikia nini? Nasikia mke wangu akiita namba vizuri kabisa! Mganga Mkuu naye akawa anageuza kichwa huku na huko, mdomo wazi, akiniuliza watoto hawa wamepatwa na nini. Nikamwambia pengine ni hofu ya sindano. Akasema sindano hazijaanza.

Kisha nikamwona Vipimo kwenye kona. Amempakata mtoto mmoja na anamchekea. Anamchekea! Moyo ukanilipuka. Nikaelewa kila kitu.

Amewahonga watoto wachanga.

Jumamosi, 8 Machi

Uchunguzi. Nimekileta kisanduku nyumbani pamoja na kompyuta na spika moja, kwa toroli, ili nikijaribu mbali na mikono ya watu. Mke wangu alikaa kwenye kochi akasikiliza sauti yake mwenyewe hadi namba ishirini. Nilimuuliza kama anasikia mluzi. Akaandika: "Hapana. Ila mimi nina miaka hamsini na tano." Sikuelewa miaka imeingiaje hapo. Nikaendelea kubonyeza.

Namba ishirini na moja, na mbwa wa jirani akaanza kubweka kwa uchungu wa ajabu, akajirusha juu ya ukuta, akaenda zake mtaa wa tatu.

Hadi mbwa! Binti huyu ana mkono mrefu kiasi gani? Nilimweleza mke wangu jinsi njama ilivyo: kwanza watoto, sasa wanyama. Akafungua daftari, akashika kalamu, akaifunga tena, akalifunga na daftari. Ni mara ya kwanza katika ndoa yetu amekosa la kusema, na hakuwa hata na ruhusa ya kusema.

Jumatatu, 10 Machi

Nilipata wazo la kufunga mjadala. Wanadai kuna mluzi. Mimi siusikii. Nikileta karatasi ya hospitali, yenye muhuri, kwamba masikio yangu ni mazima, basi mluzi haupo. Hata mahakama ingekubali. Saa tatu nikaenda chumba cha masikio.

Mtaalamu wa masikio ni mama mmoja mpole wa miwani. Akanivalisha vile vya masikioni, akaniambia niinue mkono kila ninaposikia mlio. Sasa, sikutaka kubahatisha na karatasi muhimu namna ile. Dirishani kulikuwa na kioo, na kwenye kioo niliuona mkono wake vizuri. Akisogeza mkono kwenye mashine, nainua wangu. Akisogeza, nainua. Sikukosa hata mmoja. Nilijisikia kijana.

Alipomaliza akavua miwani. Akasema nimeinua mkono mara kumi na tisa. Nikasema naam. Akasema mashine ameiwasha mara kumi na moja. Mara nyingine nane alikuwa anajikuna pua.

Nilihisi uso unawaka moto! Akanigeuza, nikatazama ukuta, tukaanza upya. Huu ndio mshtuko wenyewe: nilisikia milio michache mizito, kisha nikasubiri, nikasubiri, nikamuuliza ataendelea lini. Akasema amemaliza. Eti milio mizito nasikia vyema, ila kuanzia mitetemo elfu nne kwa sekunde kwenda juu nimekuwa kama ukuta ule. Eti ndivyo inavyokuwa kwa mtu wa umri wangu aliyekaa miaka thelathini kando ya jenereta. Watoto husikia hadi elfu ishirini, alisema.

Nilimweleza kwa upole kwamba mashine yake ni mbovu. Nikajitolea kuitengeneza. Hakuitikia. Au aliitikia sikusikia, alikuwa anaongea kwa sauti ndogo mno, kama watu wote siku hizi.

Jumanne, 11 Machi

Kisanduku nimekirudisha ukumbini pamoja na mpango mpya, rahisi, wa kibinadamu. Kama vijana wanasumbuliwa na mluzi wao, nitawapa pamba. Nilichukua furushi zima wodini. Wamama wote wa kliniki ya watoto, pamba. Watoto wote, pamba. Manesi, pamba. Nilizigawa kwa mkono wangu, nikimtabasamia kila mtu.

Nikabonyeza namba moja. Hakuna aliyelia! Nikamwangalia Mganga Mkuu kwa jicho la ushindi.

Hakuna aliyeinuka pia.

Namba mbili. Kimya. Namba tatu. Wamekaa wote wananitazama kwa upendo, na pamba zao. Namba kumi na mbili, mama mmoja akainuka, kumbe anaenda chooni. Nesi wa dirisha la kwanza ana pamba, haelewi nimeshikwa na nini. Ikabidi nipite mtu hadi mtu nikionyesha kwa vidole. Dirisha la pili mtoto wa namba tisa nusura adungwe sindano mbili kwa sababu aliitwa kwa vidole vyangu pia kama namba kumi na tisa! Vidole vina mwisho!

Mganga Mkuu aliniita ofisini. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisema kisanduku kitolewe ukumbini. Nesi aliyekuwa akimshikia mke wangu kazi ya kuita namba hawezi kuendelea, ana kazi zake. Ijumaa mke wangu anarudi kazini, ataita kwa mdomo kama zamani hadi kadi ya manunuzi ifike.

Kwa mdomo. Nikamkumbusha vinundu. Akasema anajua, hana njia nyingine, naye haimpendezi.

Nyumbani nilimwambia mke wangu nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Nilitegemea ataandika ukurasa mzima. Aliandika: "Sawa. Nitaita." Akaenda kuanua nguo. Chakula kilinishinda. Nilikaa nikimwangalia dirishani anakunja mashuka, na nikaogopa kweli. Siyo habari ya kiti. Niliogopa kwamba baada ya mwezi mmoja sauti yake pekee itakayobaki duniani itakuwa ile ya namba moja hadi mia.

Jumatano, 12 Machi

Kumwomba Vipimo msaada siwezi. Bora ning'olewe jino. Lakini ilibidi kisanduku kifike mikononi mwake.

Nimepanga kwa ustadi. Asubuhi nilikiweka kisanduku juu ya meza yake, katikati kabisa, chini ya taa. Juu yake nikabandika karatasi: USIGUSE. Mtu mwenye tabia ya kupima kila kitu, utamwambia usiguse! Kisha nikajificha nyuma ya kabati la mitungi ya oksijeni kuona.

Alikuja. Akasoma. Akasema shikamoo mzee, kuelekea kabatini. Sikuitikia. Akakaa. Na hakugusa! Saa nzima alikunja mikono, akakitazama tu, na mimi mguu mmoja umekufa ganzi nyuma ya kabati. Binti hana hata udadisi wa kawaida!

Mara mlango ukafunguliwa na aliyeingia ni mke wangu! Mke wangu mwenyewe, na daftari! Na mkononi ana kitu kidogo sana cha rangi ya chungwa chenye miguu miwili. Kapasita yangu! Aliikuta kwenye mfuko wa shati akitaka kufua. Nikakodoa macho. Akaandika kitu, Vipimo akasoma, Vipimo akaiweka kiganjani kapasita ile na kuanza kucheka, wakacheka wote wawili, mmoja kwa sauti na mmoja kwa mabega. Kisha Vipimo akaibandua karatasi yangu na kuiweka pembeni kwa heshima zote. Akawasha mashine yake ya kulehemu.

Nusu ya moyo wangu ilisema toka, ukatetee kazi yako. Nusu nyingine ilisema kaa kimya, mpumbavu wewe, labda sauti ya mkeo itapona. Nikakaa. Kabla ya kuondoka mke wangu alikuja hadi kabatini, akapitisha kipande cha karatasi kwenye ufa. "Toka huko, utapata kichomi."

Alhamisi, 13 Machi

Kisanduku kilirudi ukumbini saa mbili. Wamama arobaini, watoto arobaini. Mganga Mkuu alisimama karibu na mlango, tayari kukimbia. Vipimo akaniachia nafasi nibonyeze mimi.

"Namba moja, dirisha la kwanza."

Hakuna aliyelia. Hakuna! Mtoto mmoja alipiga chafya, akaendelea kulala. Namba mbili. Namba tatu. Nesi alitabasamu. Wamama wanainuka, wanakaa, wanainuka. Kufikia namba thelathini nilikuwa nimeegemea nguzo. Mke wangu hatapiga kelele tena. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu, na mama mmoja akanipisha benchi.

Lakini haya niyaandike kwa haki. Nilisikiliza kwa makini sana, namba zote thelathini. Sauti ni ile ile! Hakuna tofauti hata chembe!

Kiti amepewa Vipimo. Nilijua, lakini nilipoambiwa bado nilibaki mdomo wazi. Cha kushangaza zaidi ni yeye mwenyewe. Alisema mbele ya Mganga Mkuu na manesi wote kwamba ngazi ni kazi yangu, kwamba amezipima rezista zote kumi na sita na hajawahi kuona zilizoteuliwa vizuri namna ile kwa mkono wa mtu, na kwamba yeye ameongeza kitu kimoja tu, ambacho nacho kilitoka mfukoni mwangu. Sikuwa na pa kuweka uso. Nikasema ahsante, Fundi Mkuu.

Mtaalamu wa masikio amenitumia barua. Eti niende nikapimiwe kifaa cha kusaidia kusikia. Nimeikunja mara nne, ni saizi kamili ya kuweka chini ya mguu wa meza yetu unaoyumba.

Jumamosi, 15 Machi

Jana mke wangu alifunguliwa mdomo. Daktari alimmulika, vinundu vimenywea. Ruhusa ya kuongea, ila polepole, kwa sauti ya chini, maisha yake yote. Kupaza, kamwe.

Nilimsubiri sebuleni nimevaa shati safi. Siku kumi na moja! Alikaa karibu nami kwenye kochi. Akanishika mkono. Akafungua kinywa, na midomo ikatembea, na mimi nikasikia kama mtu anayeburuta nguo chumba cha pili.

Nilishtuka sana. Nikamwomba arudie. Akarudia. Sikuambulia kitu! Nikasogeza sikio. Nikasikia "a" mbili na "u", zilizobaki sijui zimeenda wapi. Daktari yule ni tapeli! Amemrudishia mke wangu robo ya sauti na kumwambia amepona! Nilikuwa tayari nimesimama natafuta viatu niende nikamdai iliyobaki.

Mke wangu akanivuta nikaketi. Akainua mguu wa meza, akatoa ile barua ya mtaalamu wa masikio, akainyoosha, akageuza upande usioandikwa. Akaandika: "Nilisema ahsante. Ulitengeneza kitu kizuri."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nikaisoma mara tatu. Kisha nikairudisha chini ya mguu wa meza, maana chai ilikuwa inamwagika.

Siwezi kumwacha hivi. Mtu mwenye sauti ile, miaka kumi na tisa, leo haisikiki hata kwenye kochi! Kwa hiyo tangu asubuhi nipo kwenye kazi. Nitamtengenezea kisanduku cha shingoni, chenye vitufe vinane, kila kimoja sentensi yake. Nimeshaorodhesha: "Umechelewa wapi." "Vua viatu." "Nilikwambia." "Utaviosha wewe." Nne zilizobaki nimemwachia achague mwenyewe, na ahsante iwe mojawapo. Nilipomweleza aliongea kitu kirefu kidogo, akionyesha kuelekea mguu wa meza. Nadhani amefurahi.

Rezista kumi na sita nimeshapata, mapacha watupu. Fundi Mkuu alipita asubuhi kutusalimu, akaniletea kapasita mpya ya rangi ya chungwa kwenye bahasha. Nimeipokea kwa adabu. Iko mfuko wa shati. Sitaiweka. Nimeshaijaribu mara tisa kwa masikio yangu mwenyewe, haina kazi.